Kurejea kwa wakimbizi wa Burundi wa 1972
Ni kurudi nyumbani kwa Warundi waliokimbilia Tanzania kufuatia mauaji ya mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Wengi waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kundi kubwa lilirejea kuanzia 2008.

Kikwazo kikuu kilikuwa ardhi. Mashamba yao, hasa ya michikichi huko Rumonge, yalikuwa mikononi mwa watu wengine, baadhi yao wakiwa wamegawiwa na serikali. Mkataba wa Arusha wa 2000 uliahidi kuwarudishia wakimbizi mali zao au kuwafidia, ilhali sheria ya ardhi ya 1986 ilimlinda aliyelikalia shamba kwa miaka 30. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine (CNTB), iliyoundwa 2006, ilimaliza baadhi ya migogoro kwa kuligawa shamba moja kati ya wadai. Wasiokuwa na pa kufikia walipelekwa katika vijiji vya amani.

Vijana waliozaliwa Tanzania walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Katika shule za Burundi walikuta Kirundi na Kifaransa, na baadhi yao walirudishwa madarasa ya chini.