Rais Ametoweka: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Mei 27, 1968, wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Renault kule Billancourt, Ufaransa, waliyakataa makubaliano ya Grenelle kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, ingawa yaliongeza kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 35. Mgomo wa mamilioni ya watu ukaendelea.

SASA ENDELEA...

Jumatano, Mei 29. Asubuhi mawaziri wakijiandaa kwa kikao cha baraza katika Ikulu ya Élysée, waliletewa taarifa ya ghafla: hakuna kikao mpaka kesho. Rais Charles de Gaulle amechoka, anakwenda kupumzika nyumbani kwake kijijini Colombey.

Waziri Mkuu, Georges Pompidou, hakuridhika. Katika simu mzee alimwambia kwamba yeye umri umemtupa mkono, Pompidou bado kijana, kesho ni yake. Kisha akaaga kwa kusema anamkumbatia. Pompidou moyo ukampiga paa! De Gaulle hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo.

Helikopta ikaruka. Colombey wakangoja, asitue mtu. Saa nane mchana Pompidou akaambiwa: Rais hajulikani alipo.

Saa hizohizo waandamanaji wa chama cha wafanyakazi cha CGT walikuwa wamefurika barabara za Paris, wakidai serikali ya umma. Siku moja kabla, mwanasiasa wa upinzani François Mitterrand alikwisha kutangaza kwamba kiti cha urais kikiwa wazi, atakigombea. De Gaulle ndiye aliyesimamia katiba ya 1958 na kumpa rais nguvu kubwa; kwa saa chache tu za kutoonekana kwake, serikali nzima ikapigwa butwaa. Kwangu mimi, huo ulikuwa udhaifu mkubwa wa jamhuri ile kuliko mawe yote ya wanafunzi waliokuwa wakiandamana mwezi huo.

Baden-Baden, Ujerumani Magharibi. Jenerali Jacques Massu, kamanda wa majeshi ya Ufaransa nchini humo, alikuwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Simu ikalia. Rais wa Ufaransa ametua, anakuja kwake!

Ni Massu yuleyule ambaye de Gaulle alimwondoa Algeria Januari 1960, kwa kumkosoa gazetini. Leo mzee wa miaka 77 anashuka kwenye helikopta pamoja na mkewe, Yvonne, uso umemsawijika. Anamwambia Massu kwamba mambo yote yamekwisha.

Massu ana vifaru, ana askari, na ana kinyongo cha miaka minane. Atamjibu nini?

Usikose Jumamosi ijayo.