Shwari: Neno la Mvuvi na la Msafiri

Miongoni mwa maneno ambayo bahari imeyatunuku Kiswahili, shwari limefika mbali. Leo tukijuliana hali twajibu "shwari", na muulizaji huridhika. Mwaka 2012, nchini Kenya, neno hili lilitiwa hata katika jina la huduma ya akiba na mikopo kwa simu, M-Shwari. Lakini marehemu babu yangu, aliyekuwa baharia wa jahazi, hakupenda kulisikia katika salamu. "Shwari ni ya mvuvi," alizoea kuniambia, "si ya msafiri."

Nilichelewa kumwelewa. Shwari ni utulivu wa bahari: upepo umekufa, mawimbi yamelala, maji yamekuwa kama kioo. Mvuvi wa mshipi hufurahi, kwani mtumbwi wake hautikisiki. Jahazi, hata hivyo, halina miguu ila tanga. Kwa karne nyingi, vyombo vya pwani yetu vilitegemea pepo mbili: Kaskazi, ambayo huvuma tangu Disemba hadi Machi na ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na Kusi, ambayo huanza kuvuma mnamo Aprili na ndiyo iliyovirejesha. Baina ya pepo hizo huja maleleji, kipindi ambacho upepo hugeukageuka au hukosekana kabisa. Nahodha aliyekutwa na shwari mbali na pwani aliliona tanga likining'inia kama nguo iliyoanikwa, maji ya kunywa yakipungua, na mkondo ukimchukua asikotaka. Dhoruba humpa baharia kazi ya kufanya. Shwari humwachia kungoja.

Injini zilipoingia vyomboni, hofu hiyo ilififia, na neno likabakiwa na sura ya mvuvi pekee: amani na usalama. Silaumu, lugha hufuata maisha ya wenyewe. Ila kila nisikiapo ikitangazwa kwamba "nchi ni shwari", humkumbuka babu. Maji yaliyotulia na maji yaliyotuama hufanana kwa macho, na nchi iliyo salama na nchi iliyokwama zaweza kuwa kimya sawasawa.

Basi, ndugu washairi, tulitumiapo neno hili tusiisahau sura yake ya pili. Babu alipoambiwa kuwa bahari ni shwari, aliuliza kwanza kama chombo kinakwenda.