Tamthilia ya Dodoma na Watazamaji wa Kigoma

Kigoma na utangazaji wa serikali wana kesi ya zamani. Mwaka 1994, vyama vingi vikiwa bado vichanga, ulifanyika uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini, na Azim Premji wa CCM akatangazwa mshindi. Dkt. Amani Walid Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani. Moja ya hoja zake kubwa ilikuwa Radio Tanzania: kwamba redio ya watu wote iliegemea upande mmoja. Mahakama ikabatilisha uchaguzi ule, na Mahakama ya Rufani ikaafiki. Mwaka 1995 Kabourou akaingia bungeni kwa kura.

Naanzia huko kwa makusudi, maana wengi wanaosimulia kufungwa kwa matangazo ya Bunge huanzia mwaka 2016, kana kwamba siku hiyo ndiyo watu waligundua kuwa kipaza sauti nacho ni mali ya kugombaniwa.

Kabla ya hapo tulikuwa na tamthilia ndefu isiyo na mtunzi: Bunge la Dodoma, moja kwa moja. Mwenye televisheni alipata wageni asiowaalika, na umeme wetu wa majenereta ya dizeli ulipokatika, kila mmoja alijimalizia kisa kwa kubuni. Wahusika tuliwajua. Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimamishwa baada ya kudai kuwa Waziri Nazir Karamagi amelidanganya Bunge kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Adhabu ile ilimfanya ajulikane nchi nzima. Februari 2008 kamati ya Dkt. Harrison Mwakyembe ikasoma taarifa yake juu ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, watu wakitazama.

Katika msimu wa mwisho, yaani Bunge la 2010 hadi 2015, mchezo ulibadilika. Wabunge walikwisha kujua kamera iko wapi. Mdomo ulisema "Mheshimiwa Spika", lakini maneno yalikuwa ya mpigakura aliyekaa jimboni. Kuomba mwongozo kukawa silaha ya kumkata mwenzako kauli, na kutoka ukumbini kwa pamoja kukawa kama kushusha pazia. Walioudhika na vituko hivyo walikuwa na haki yao. Hata mimi vingine vilinichosha.

Lakini msimu huohuo ndio uliotupa Escrow. Novemba 2014 Zitto, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, aliwasilisha taarifa ya mabilioni yaliyochotwa katika akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Zilikuwa hesabu tupu: tarehe, mikataba, hati za benki, nani kalipwa ngapi. Watu walikesha nazo. Kabla Januari 2015 haijaisha, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema na Waziri Sospeter Muhongo walikuwa wamejiuzulu, na Waziri Anna Tibaijuka ameondolewa. Anayesema wananchi walifuata kelele tu, na anieleze usiku ule.

Tarehe 27 Januari 2016 Waziri Nape Nnauye aliliambia Bunge kuwa TBC haitarusha tena mijadala moja kwa moja. Gharama ni kubwa, alisema, na mchana watu wako kazini. Watapata kipindi cha muhtasari usiku, "Leo katika Bunge". Aliyesimama kutaka jambo hilo lijadiliwe kwanza alikuwa Zitto, sasa mbunge wa Kigoma Mjini, mwenye kiti kilekile cha Kabourou. Wapinzani wakagoma kuendelea, polisi wakaingizwa ukumbini. Mwezi Mei Zitto alikuwa miongoni mwa wabunge saba waliosimamishwa kwa vurugu za siku ile.

Gharama sizibezi. Shaka yangu iko kwenye mkasi. Katika kufupisha, mwenye mkasi ndiye anayeamua kipi kilitokea, na mkasi hupenda wanaume wawili wanaofokeana kuliko jedwali la malipo. Escrow ingekatwa kwa saa moja, hesabu ndizo zingetangulia kutupwa, na vituko vikabaki.

Na hiyo hoja ya saa za kazi, aliyeitunga hakupita Kibirizi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, giza la mwezi likiwa zito. Wavuvi hurudi alfajiri, huanika, hulala kidogo, na mchana ndio wana nafasi ya kukaa mbele ya televisheni. Muhtasari ulipoanza, wao walikuwa ziwani.