Tarikhi ya Kuyatambua Maua ya Usambara

Katika milima ya Usambara maua hufuata mvua, wala hayangoji baridi iishe kama yale ya Ulaya. Na mwalimu wa elimu ya mimea atakaye kuwafunza wanafunzi wake katika msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, hana budi kutangulia peke yake masika yanapolegea, ayapambanue maua yaliyofunguka moja baada ya moja, na kulisahihisha jina la kila moja kabla hajasimama mbele ya darasa. Desturi hiyo ni kongwe kuliko shule zetu.

Zama za enzi ya Wakilindi, ukoo uliotawala kutoka Vuga, Washambaa waliitambua mipaka ya nchi yao kwa mimea, wakajua kwa miti na majani wapi Shambaai yakoma na wapi nyika yaanza. Na mganga alimfundisha mwanagenzi wake jani, mzizi na ua pale pale vinapoota. Ilimu hiyo ndiyo waliyoikuta wageni. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alikuta ua dogo la rangi ya zambarau, akampelekea babaye Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akalipa jina litokanalo na ukoo wa Saint Paul, Saintpaulia. Carl Holst naye alipeleka Berlin mimea mingi iliyokaushwa. Na mwaka 1902, ng'ambo ya bonde la Lwengera, ilianzishwa taasisi ya utafiti ya Amani. Karatasi zikajaa majina ya waliokusanya, ilhali wenyeji waliowaonyesha njia, na mara nyingi mmea wenyewe, aghalabu hawakutajwa. Nami nahesabu kuwa hiyo ni dhuluma iliyofanyiwa ilimu yenyewe, si watu peke yao.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Mnamo Machi 1943 mabomu yaliiangukia hazina ya mimea mikavu ya Berlin, ikateketea sehemu yake kubwa, na pamoja nayo vielelezo vya asili ambavyo majina ya mimea mingi ya Usambara yalisimama juu yake. Wanazuoni wakabaki na nakala zilizotawanyika kwingineko, na maandishi, na msitu. Heri kwamba P. J. Greenway, aliyeingia Amani mwaka 1928, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Na mwaka 1963 G. R. W. Sangai akatoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kibondei, Kishambaa na Kizigua, kitabu ambacho kwangu mimi kina hadhi sawa na majalada yote ya Ulaya.

Hata hivyo karatasi haitoshi. Yatazame maua ya jamii ya Impatiens, yapendayo kingo za vijito: ua lina kimkia chembamba chenye utamu wa kuwavuta wadudu, na tunda lililopevuka hupasuka likiguswa, lakini ukilikandamiza ua hilo ili likauke, petali hunyauka na kugandana, rangi hutoweka, hata bingwa akalitazama asilijue. Ndiyo maana yampasa mwalimu kulichambua lingali bichi, apime kimkia, aandike rangi papo hapo, amwulize mzee wa kijiji jina la ua hilo kwa Kishambaa na matumizi yake, na, mzee akiridhia, aliandike jina la mzee huyo kando ya jina la mkusanyaji.