Asilimia ukutani na benchi tupu: historia ya darasa la saba na la nane kwetu

Ninyi wa mitaa ya Goma na ninyi mliohama kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, kila mwaka masomo yanapofungwa mnaiona karatasi ile kwenye ukuta wa shule: waliofaulu, asilimia kadhaa. Wazazi wanasoma, wanasifu shule hii na kuisema vibaya ile. Lakini asilimia ile inahesabiwa kwa watoto waliofanya mtihani. Aliyeacha masomo mwezi wa pili hayumo.

Tuseme watoto 60 wameanza darasa la saba. Miaka miwili baadaye, 25 wanafika kwenye mtihani wa mwisho wa darasa la nane, ule tunaouita TENASOSP, na 24 wanafaulu. Ukutani wataandika 96 kwa mia. Ukihesabu wale 60 wa mwanzo, ni 40 kwa mia. Shule ni ile ile na walimu ni wale wale.

Hesabu hii ya kuwasahau waliobaki nje si ya leo. Wakati wa Wabelgiji, shule nyingi ziliachwa mikononi mwa wamisionari. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Vatikani na serikali ya Léopold wa Pili uliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi, nao wakaahidi kufundisha. Misaada ya serikali ilienda kwa Wakatoliki kwa miaka mingi. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Wakongo zilianza mwaka 1954 tu, chini ya waziri Auguste Buisseret. Shule ya msingi ilikuwa na watoto wengi, lakini mlango wa sekondari ulikuwa mwembamba sana. Msichana alifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Kwa hiyo wazee wakituambia shule ya zamani ilifaulisha, ni kweli, ila tuwaulize ni wangapi waliruhusiwa kuingia. Nchi ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na Wakongo wasiofika 30 waliomaliza chuo kikuu. Mwanamke wa kwanza, Sophie Kanza, alipata shahada yake Lovanium mwaka 1964.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa. Mageuzi ya mwaka 1961 yalileta miaka miwili ya pamoja mwanzoni mwa sekondari, ile ambayo baba zetu wanaiita C.O. bado, ili mtoto aangaliwe kwanza kabla ya kupelekwa kwenye ufundi, ualimu au sayansi. Darasa la saba na la nane la leo limetoka hapo. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliyahesabu pamoja na shule ya msingi, yawe miaka minane ya elimu ya chini. Kabla ya hapo, mwaka 1974, Mobutu alikuwa amechukua shule zote za makanisa, halafu mwaka 1977 akayarudishia usimamizi kwa mkataba. Ndiyo maana hata leo shule ya serikali inaweza kuongozwa na padri au mchungaji, na mzazi mgeni hajui aende kulalamika wapi.

Kilichochagua watoto zaidi kuliko mtihani wowote ni pesa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilishindwa kulipa walimu, wakagoma, na wazazi wakakubali kutoa prime ili masomo yaendelee. Ilisemwa ni ya muda mfupi. Ikakaa karibu miaka 30. Kila mama hapa anajua ilivyokuwa: mtoto anafukuzwa darasani katikati ya somo la hesabu, na nyumbani baba na mama wanaamua nani abaki shuleni. Mara nyingi aliyetolewa alikuwa msichana.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imesema shule ya msingi ya serikali ni bure. Ilitekelezwa Septemba 2019. Madarasa yalijaa, watoto wakaketi chini, na wengine wakaanza kusema kiwango kimeanguka. Mimi siwezi kuita hiyo kuanguka. Waliohesabiwa waliongezeka, na kati yao walikuwamo waliokaa nyumbani miaka mingi bila kushika kalamu.

Ila bure ile iliishia darasa la sita. Sheria inasema elimu ya chini ni miaka minane, mfuko wa mzazi unaambiwa ni sita. Mtoto anayefaulu vizuri la sita anafika la saba na kukuta minervali, sare na madaftari mengi mapya.

Juu ya hayo vita vikaja. Mwishoni mwa 2022, watu wa Rutshuru walipofika Kanyaruchinya, wengine walilala ndani ya madarasa. Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi kwao. Mtoto aliyeanza la saba kijijini, akaendelea karibu na kambi, kisha akarudi, ana shule tatu na pengine hana buletini hata moja. Bila buletini anarudishwa darasa la chini, au anakaa. Kwenye karatasi ya ukutani, hakuna shule kati ya zile tatu itakayomhesabu kama ameanguka.

Juzi nilimwomba mkuu wa shule moja, ambayo sitaitaja, anionyeshe daftari la majina la Septemba badala ya orodha ya mtihani. Alisita, kisha akalitoa kabatini. Tulipitisha kidole kwenye majina, yeye akisema polepole: huyu alihama, huyu yuko sokoni na mama yake, huyu aliolewa. Kwa majina mengine alinyamaza tu, tukageuza ukurasa.