Malipo ya ujenzi ya Jumamosi na Jumapili, Katoyi

Katoyi ni mtaa wa komini ya Karisimbi, mjini Goma, Kivu Kaskazini. Kwenye shantie (maeneo ya ujenzi) za huko fundi hulipwa kwa siku, au kwa bei moja ya kazi nzima aliyopatana na mwenye nyumba. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atabeba gharama ya Jumapili.

Kanuni ya Kazi ya Kongo (sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016) inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, na mapumziko kwa kawaida huwa Jumapili. Saa sita za kwanza zinazopita kikomo huongezewa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na saa za siku ya mapumziko asilimia 100. Tuseme mtu analipwa dola 10 kwa siku: Jumapili anastahili 20. Kibarua wa kutwa naye analindwa. Akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na ukomo. Lakini mapatano ya mtaani ni ya mdomo, na haki hiyo hudaiwa mara chache mno.

Jumamosi ina mambo yake. Asubuhi huweza kuchukuliwa na salongo, kazi ya pamoja iliyoenezwa nchini enzi za Mobutu, kwa hiyo lazima isemwe mapema kama siku hiyo ni nzima au nusu. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi Kivu Kaskazini, hawafanyi kazi Jumamosi. Wakipatana kupumzika siku hiyo, Jumapili kwao ni siku ya bei ya kawaida, na Wakatoliki na waumini wa kanisa la Kibaptisti la CBCA huenda kusali bila kusumbuliwa.

Kwenye kazi ya bei moja, mteja haoni mstari wowote wa wikendi. Anaposema nyumba iishe haraka, fundi mkuu huomba nyongeza kwa jina la motisha, pamoja na chakula na nauli ya pikipiki. Hapo ndipo penye dhuluma: nyongeza huishia mfukoni mwa fundi mkuu, na msaidizi anayebeba mawe ya volkano hupewa ujira uleule wa Jumatatu. Mteja ana haki ya kuuliza kila mmoja atapata kiasi gani, na afadhali aulize kabla ya kutoa avansi. Tangu benki zilipofungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoutwaa mji, inafaa pia kukubaliana nani atalipa ada ya kutoa pesa kwenye simu.

Kazi isiyongoja Jumatatu ni dale, yaani bamba la zege. Zege likianza kumwagwa halikatizwi katikati, hata giza likiingia, na siku zinazofuata lazima limwagiliwe maji, Jumapili ikiwemo. Mtu wa kumwagilia na bei ya maji yenyewe huhesabiwa pamoja na saruji, siku ile ile ya kupatana.