Nati ya Nusu Inchi na Mkataba wa 1948

Ukichukua nati ya nusu inchi iliyotengenezwa Uingereza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na kuifunga kwenye bolti ya Marekani ya unene huohuo, itazunguka kidogo kisha itakwama. Ya Uingereza ina nyuzi 12 kwa kila inchi. Ya Marekani ina 13.

Uingereza ilifuata vipimo vilivyopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, vyenye nyuzi za pembe ya digrii 55 na vilele vya mviringo. Mwaka 1864, mjini Philadelphia, William Sellers akaleta vyake: digrii 60 na vilele bapa, rahisi zaidi kukata. Kila taifa likajenga viwanda juu ya vipimo vyake, na kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu.

Vita ndivyo vilivyofichua gharama yake. Mwaka 1940 kampuni ya Packard ya Detroit ilikubali kutengeneza injini ya Merlin ya Rolls-Royce, iliyoendesha ndege za Spitfire na Lancaster. Injini hiyo ilijaa nyuzi za Kiingereza, na zana za kuzikata hazikuwa zikipatikana Marekani. Kuzibadilisha kungefanya vipuri vya Detroit visiingiliane na vya Uingereza, na ndege iliyoharibika ingekosa spea. Packard wakatengeneza zana zao wenyewe, wakakata nyuzi za Whitworth na jamaa zake, na wakatoa injini zaidi ya 55,000. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi kubwa za kiwandani za vita vile, ingawa sifa zote huenda kwa marubani.

Novemba 1948, mjini Washington, Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini makubaliano ya nyuzi za aina moja, za digrii 60. Baadaye bolti za ndege zilipata marekebisho zaidi: shina la uzi likafanywa mviringo, kwa sababu mtetemo huanzisha ufa pale penye kona kali.

Lakini vipimo vikishakubaliwa, bado kuna mkono wa fundi. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Malaga ilipoteza kioo cha mbele ikiwa futi 17,300. Rubani, Tim Lancaster, alivutwa nje hadi kiunoni. Wahudumu walimng'ang'ania miguu huku rubani msaidizi, Alastair Atchison, akiishusha ndege Southampton. Wote 87 walinusurika.

Kioo kilikuwa kimebadilishwa siku moja kabla. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa takriban milimita 0.66. Kwa jicho, tofauti hiyo si rahisi kuiona. Mbaya zaidi, bolti sahihi na ile nyembamba zote zilikuwa na nyuzi 32 kwa inchi, kwa hiyo hazikukwama kama ile nati ya nusu inchi. Ziliingia na kushika kijuujuu. Kioo chenyewe kilifungwa kwa nje, hivyo hewa ya ndani ilikuwa ikikisukuma kitoke. Na kazi ya kukibadilisha haikuwa miongoni mwa zile zilizolazimu kukaguliwa na fundi wa pili.